Jinsi Mkanda wa Taiming Ukazwavyo katika Injini ya Zamani

Mtu anunuapo gari lililokwisha kutumika miaka mingi, kwa desturi hutazama rangi, magurudumu na viti, kisha huinua boneti ili asikilize mlio wa injini. Kitu kimoja hakioni, kwa kuwa kimefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini. Kitu hicho ni mkanda wa taiming. Ni mkanda wa mpira wenye meno upande wa ndani, hauzidi vidole viwili kwa upana, na injini nzima huutegemea.

Makala haya yaeleza kwa nini mkanda huo sharti ukazwe kwa kadiri yake, usipite wala usipungue, na jinsi kazi hiyo ifanywavyo katika gari moja lijulikanalo sana katika barabara za Kenya. Hayatamfanya kila msomaji kuwa fundi. Lakini mwenye gari akiyafahamu ataweza kujua kama kazi aliyoilipia imefanywa ipasavyo, na kijana anayejifunza ufundi gereji ataweza kujua sababu ya kila jambo aagizwalo na mkubwa wake.

Kazi ya Mkanda

Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka, na kwa mwendo huo huuzungusha mhimili mkubwa ulioko chini, uitwao krankishafti. Juu ya injini uko mhimili mwingine mwembamba wenye vinundu, uitwao kamshafti. Vinundu hivyo husukuma valvu, yaani vifuniko vidogo vya chuma ambavyo vingine huingiza hewa na petroli, na vingine hutoa moshi. Katika kila silinda pistoni hufanya safari nne: huvuta, hubana, husukumwa na moto, kisha hufukuza moshi. Kwa safari hizo nne krankishafti huzunguka mara mbili, na katika muda huo huo kamshafti sharti izunguke mara moja tu, kamili.

Mkanda wa taiming ndio uiunganishao mihimili hiyo miwili. Gari likitoka Nairobi kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita 480 hivi, na injini ikienda kwa mizunguko 3,000 kila dakika kwa muda wa saa sita, krankishafti huwa imezunguka zaidi ya mara milioni moja kabla dereva hajafika kisiwani. Katika mwendo huo kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja, na kila mara hapana budi ifunguke kwa wakati wake.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mnyororo wa chuma au kwa magurudumu ya meno. Land Rover za kale na Peugeot 404 zilikuwa na mnyororo, na zile Volkswagen ndogo zenye injini nyuma zilikuwa na magurudumu ya meno. Mkanda wa meno ulianza kutumiwa Marekani katika miaka ya 1940, katika cherehani, ambamo sindano ya juu na uzi wa chini hapana budi vikutane kwa wakati mmoja. Gari la kwanza lililotengenezwa kwa wingi na kuwa na mkanda wa namna hiyo ndani ya injini lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Vauxhall Victor ikafuata huko Uingereza mwaka 1967, na Ford Cortina mwaka 1970. Tangu hapo mkanda ukaenea, kwa kuwa haupigi kelele, hauhitaji mafuta, na bei yake ni ndogo.

Si Kama Mkanda wa Mashine ya Posho

Watu wengi wa mashambani waufahamu mkanda wa mashine ya kusaga posho. Mkanda ule hauna meno. Hushika puli kwa kukazwa tu, na ukilegea huteleza, mwenye mashine akaukaza tena, na hasara ni kuchelewa kwa unga. Mkanda wa feni ya gari nao ni wa namna hiyo. Kwa hiyo aliyezoea mikanda hiyo hudhani kwamba mkanda ukikazwa zaidi hushika zaidi, na mkanda wa taiming anapoufikia hutaka kuukaza kwa nguvu zake zote, akidhani kwamba anamfanyia mwenye gari hisani.

Mawazo hayo ndiyo yaharibuyo injini nyingi. Mkanda wa taiming hushika kwa meno yake. Kukazwa kwake kuna kazi moja tu, nayo ni kuyafanya meno yakae sawasawa ndani ya mifereji ya puli, yasipande juu wakati injini inapovuta mzigo au inapowashwa ghafula. Kadiri inayotosha kwa kazi hiyo ni ndogo kuliko watu wadhanivyo.

Mkanda ukiwa mlegevu, meno hayaingii mpaka mwisho. Hulika kwenye ncha, na siku moja mkanda huruka jino. Jino moja tu likirukwa, valvu hufunguka nje ya wakati wake: injini hukosa nguvu mlimani, hutetemeka isimamapo, na hula petroli bila sababu. Dereva hubadilisha plagi, husafisha kabureta, hununua waya mpya, na ugonjwa hauponi. Meno mengi yakirukwa, injini husimama kabisa.

Mkanda uliokazwa kupita kiasi ni adui mwingine, tena wa siri, kwa sababu siku za kwanza gari huenda vizuri. Nguvu yote ya ziada huibeba beringi ya puli ya kukazia, na beringi ya kamshafti, na katika injini ambazo mkanda huzungusha pampu ya maji, beringi ya pampu hiyo nayo hulemewa. Grisi ndani ya beringi ndogo hupata moto na kukauka, beringi hukwama, na puli isiyozunguka huuchoma mkanda mpya kwa msuguano hata ukakatika. Mwenye gari husema ameuziwa mkanda mbaya.

Kuna jambo jingine ambalo huongeza ubaya huo, nalo ni joto. Injini nyingi za miaka hiyo zina mwili wa chuma na kichwa cha aluminiamu. Aluminiamu ipatapo joto hutanuka kiasi cha mara mbili kuliko chuma. Injini iliyolala usiku kucha ikiwashwa na kufika joto lake la kazi, huwa imekua kwa urefu, na kamshafti huwa imesogea mbali na krankishafti. Msogeo huo hautimii milimita moja, na jicho haliuoni. Lakini ndani ya mpira wa mkanda mna nyuzi za kioo, nazo zimewekwa humo makusudi kwa kuwa hazivutiki. Mkanda usiovutika, ukiwekwa juu ya puli zinazoachana, hauna la kufanya ila kukaza. Hii ndiyo sababu mkanda hupimwa injini ikiwa baridi. Uliokazwa kwa kadiri asubuhi huwa umekaza zaidi mchana, na mtengenezaji alikwisha kulihesabu jambo hilo katika vipimo vyake. Fundi akiukaza mpaka mwisho asubuhi, hesabu hiyo imevunjika.

Kazi Yenyewe katika Corolla

Corolla za namna ya E90, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1987, na za E100, zilizofuata mwaka 1991, ziliingia Kenya kwa wingi, na nyingi bado zinafanya kazi. Nyingi kati yake zina injini za jamii ya 4A na 5A, nazo zafaa kuwa mfano, kwa kuwa namna yao ya kukaza mkanda ni nyepesi na imefikiriwa vizuri. Puli ya kukazia hushikwa na bolti moja, na springi huivuta ili iukandamize mkanda kwa mgongo. Springi hiyo ndiyo ipimayo nguvu. Mkono wa fundi haupimi kitu.

Injini iwe imepoa kabisa. Lililo bora ni gari kulala gereji. Fundi huondoa waya wa betri, huvuta breki ya mkono, huweka gia huru, na kutoa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Kwa kuwa mkono wa injini wa upande wa kulia sharti ufunguliwe, injini huegemezwa juu ya jeki, na kati ya jeki na chombo cha oili huwekwa kipande cha ubao. Kisha mikanda ya nje na vifuniko huondolewa.

Sasa krankishafti huzungushwa kwa spana, kufuata upande wa mikono ya saa, mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa katika safari ya kubana. Alama ya puli ya chini huwa imeelekea sifuri, na tundu dogo la puli ya kamshafti huwa limelingana na alama iliyoko kwenye kifuniko cha beringi yake. Ikiwa alama ya chini imelingana na ya juu haikulingana, krankishafti huzungushwa mzunguko mmoja zaidi. Fundi asiyeona alama vizuri na asugue uchafu na kuzipaka rangi nyeupe. Dakika tano za kupaka rangi ni nafuu kuliko kuanza tena.

Bolti ya puli ya kukazia hulegezwa, puli husukumwa upande wa kushoto mpaka mwisho wake, na bolti hukazwa kidogo ili puli isirudi. Mkanda wa zamani hutoka. Kabla ya kuutupa yafaa utazamwe, maana huelezea mengi. Meno yaliyolika upande mmoja huonyesha ulegevu. Ukingo uliochanika huonyesha puli iliyopinda. Mkanda uliolowa oili huonyesha kwamba sili ya krankishafti au ya kamshafti inavuja, na sili hiyo isipobadilishwa siku hiyo hiyo, mkanda mpya utakufa kama ule wa kwanza, kwa sababu oili huulainisha mpira.

Puli ya kukazia huzungushwa kwa vidole karibu na sikio. Ikikwaruza, au ikizunguka huru mno kama gurudumu la baiskeli lisilo na grisi, ibadilishwe. Springi nayo ikaguliwe. Urefu wake hulinganishwa na ule ulioandikwa katika kitabu cha injini, kwa maana springi iliyokaa karibu na moto wa injini miaka 20 haina budi kuchoka, na springi iliyochoka haiwezi kupima. Hapa ndipo wenye magari wengi hukataa kutoa fedha. Hununua mkanda mpya, wakaona kwamba puli na springi ni vitu vidogo visivyo na maana, ilhali vitu hivyo ndivyo viutunzao mkanda wenyewe.

Mkanda mpya hautakiwi kukunjwa wala kupinduliwa kwa nguvu, kwa kuwa nyuzi za kioo zikivunjika ndani hazionekani kwa nje. Huvalishwa kwanza puli ya chini, kisha hupandishwa kwa upande usio na puli ya kukazia, ukiwa umenyooka bila ulegevu, na kuvalishwa puli ya kamshafti. Ulegevu wote hubaki upande wa puli ya kukazia. Jambo hili lina sababu. Injini iendapo, krankishafti huuvuta mkanda kwa upande mmoja, na upande huo hukaza wenyewe. Upande mwingine ndio hulegea, na ndiyo maana puli ya kukazia iliwekwa huko.

Bolti hulegezwa tena, na springi huachwa ivute puli. Fundi asiisukume kwa bisibisi, wala asiisaidie kwa mtaimbo. Halafu, bolti ikiwa bado imelegea, krankishafti huzungushwa polepole mizunguko miwili kamili kwa upande wa saa, kutoka alama mpaka alama.

Mizunguko hiyo miwili ndiyo moyo wa kazi hii, na ndiyo irukwayo mara nyingi na wenye haraka. Mkanda uliovalishwa sasa hivi haujakaa. Meno mengine yamo ndani ya mifereji, mengine yameegemea ukingo, na ulegevu kidogo umejificha huku na huku. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja kamili, meno yote huingia mahali pake, na ulegevu wote husukumwa mpaka upande wa puli ya kukazia, ambako springi huumeza. Bolti ikikazwa kabla ya mizunguko hiyo, puli hufungwa mahali pasipo pake, na kilomita chache baadaye mkanda huwa mlegevu. Krankishafti ikirudishwa nyuma, hata robo ya mzunguko, ulegevu huhamia upande mwingine na springi hupima uongo. Basi kazi huanza upya. Vivyo hivyo injini isizungushwe kwa bolti ya kamshafti, kwa kuwa hapo mkanda huvutwa kinyume cha kawaida yake.

Ikiwa katika kuzungusha spana inagonga kitu kigumu, fundi asimame. Asiongeze nguvu. Alama zitazamwe tena tangu mwanzo.

Mizunguko miwili ikiisha na alama zote zikiwa zimelingana, bolti ya puli ya kukazia hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Kipimo cha Toyota kwa bolti hii ni nyutoni-mita 37. Tangu hapo springi haina kazi tena. Bolti ndiyo ishikayo puli mpaka siku mkanda utakapobadilishwa. Kwa hiyo bolti hii haifai kukazwa kwa kukisia.

Sasa huja kipimo cha mwisho. Katika sehemu ndefu ya mkanda isiyoguswa na puli ya kukazia, mkanda ukisukumwa kwa nguvu ya kilo 2 hutakiwa kuingia ndani milimita 5 mpaka 6. Gereji isiyo na chombo cha kupimia yaweza kutumia mizani ya ndoano, kama ile ya kupimia samaki sokoni, pamoja na rula mbili: moja hulazwa kutoka puli mpaka puli, ya pili hupima jinsi mkanda ulivyoondoka kwenye mstari. Kipimo kisipopatikana, bolti hulegezwa na mizunguko miwili hurudiwa. Kikikataa mara ya pili, lawama ni ya springi au ya puli, na dawa yake ni kununua nyingine.

Wako mafundi wazee ambao hubonyeza mkanda kwa kidole gumba wakasema umefaa, na ukipimwa huonekana kwamba wamesema kweli. Mtu hana budi kumheshimu fundi wa namna hiyo. Lakini kidole chake kimefundishwa na mikanda mingi mno, na kidole cha kijana aliyezoea mkanda wa feni hakijafundishwa na mtu. Kijana na atumie mizani.

Injini ikishawashwa, masikio yafanye kazi. Mvumo mwembamba unaopanda pamoja na mwendo wa injini huonyesha mkanda uliokaza mno. Sauti ya kupigapiga ndani ya kifuniko huonyesha mlegevu. Kwa lolote kati ya hayo mawili injini izimwe mara moja na kifuniko kifunguliwe.

Kila Injini na Sheria Yake

Kosa lingine ni kuchukua sheria ya gari moja na kuitumia kwa jingine. Katika Volkswagen Golf za zamani, zilizoanza kuuzwa mwaka 1974, injini ya petroli ya maji haina springi ya kupima. Puli yake ya kukazia ina tundu lisilo katikati, na fundi huizungusha mpaka mkanda ukaze. Kipimo chake ni vidole: mkanda ukishikwa kwa kidole gumba na cha shahada, katikati ya puli ya kamshafti na puli ya mhimili wa kati, uweze kupindwa nyuzi 90 tu, yaani robo ya mzunguko. Hiyo ni sheria nzuri kwa injini ile. Imeenea gereji nyingi kana kwamba ni ya magari yote, na si kweli. 

Iko pia njia ya kupima kwa sauti. Mkanda ukidonolewa kwa kidole hutetemeka kama uzi wa zeze, na kadiri ulivyokaza ndivyo sauti yake ilivyo ya juu. Vyombo vya kisasa huusikiliza mtetemo huo na kutoa hesabu yake, na hata simu za mkononi zaweza kuwekewa programu ya kazi hiyo. Lakini hesabu hiyo haina maana kwa injini ambayo kitabu chake hakikuandika namba ya kulinganisha, na vitabu vingi vya magari ya miaka ya 1980 havikuiandika.

Magari ya Dizeli

Kwa mwenye Corolla za namna iliyotajwa, mkanda ukikatika njiani hasara mara nyingi ni kuvutwa mpaka gereji na kununua mkanda mwingine, kwa sababu katika injini nyingi za jamii hiyo pistoni hazifiki mahali valvu zilipo. Hata hivyo hatari ipo. Injini ikifa katika mteremko kama ule wa Mai Mahiu, msaada wa breki hubaki kwa mikanyago michache tu, kisha kanyagio huwa gumu kama jiwe. Dereva ambaye hajawahi kupatwa na jambo hilo hudhani breki zimekufa kabisa, kumbe zapo, ila zataka nguvu za miguu yote miwili.

Kwa injini za dizeli za Toyota ziitwazo 2L, 3L na 5L, zilizowekwa katika Hiace na Hilux nyingi, hasara ni kubwa zaidi. Injini ya dizeli hubana hewa sana, na pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni kama unene wa kadi. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama na valvu nyingine hubaki wazi, huku pistoni zikiendelea kupanda. Valvu hupindwa, pistoni hugongwa, na pengine kamshafti yenyewe huvunjika. Mtu aliyekuwa akiishi kwa matatu moja hukaa majuma bila ya mapato, akitafuta fedha za kufufua injini, na yote hayo kwa mkanda ambao bei yake huenda hailingani na mapato yake ya siku chache.

Katika injini hizo mkanda huzungusha pia pampu ya dizeli, kwa hiyo alama za kulinganisha ni tatu: ya krankishafti, ya kamshafti na ya pampu. Mpango wa kukaza ni ule ule wa springi na mizunguko miwili kwa upande wa saa. Mbele ya dereva iko taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka kila baada ya kilomita 100,000. Yafaa ijulikane kwamba taa hiyo haiutazami mkanda. Huhesabu kilomita tu, na haijui kama mkanda umelowa oili au umekazwa vibaya. Ikiwaka mapema au ikichelewa, ni hesabu iliyochezewa. Na kuitoa glopu yake ili isimsumbue dereva hakuuongezei mkanda hata siku moja.

Mambo ya Kumwuliza Fundi

Kilomita 100,000 ndio muda ambao Toyota iliuweka kwa mikanda mingi ya injini hizi, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama chini ya mti. Gari likwendalo kanisani au sokoni tu kila juma laweza kupitisha miaka 12 bila ya kufikia hesabu hiyo, na mkanda wake ukawa umepasuka mgongoni. Kwa gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu mwingine, ambalo historia yake haijulikani, hesabu ya kilomita isiaminiwe. Kifuniko cha juu cha Corolla hufunguliwa kwa bolti chache, na mwenye gari aweza kuuona mkanda kwa macho yake.

Mkanda uliolegea baada ya kutumika miaka mingi haufai kukazwa tena na kuachwa. Kwa kuwa nyuzi zake hazivutiki, kulegea kwake kuna sababu nyingine: bolti imefunguka, beringi ya puli imekwisha, au meno yamelika. Fundi asemaye, “Nitaukaza kidogo tu, utakwenda,” aulizwe ni kipi kati ya hivyo alichokiona.

Aulizwe pia kama injini ilikuwa baridi, kama krankishafti ilizungushwa mara mbili kabla ya bolti kukazwa, na kama puli na springi zilikaguliwa. Mwenye gari aombe kuonyeshwa mkanda wa zamani na vipuri vilivyotolewa. Fundi mwema hakasiriki akiulizwa hivyo. Wengi wao hufurahi, na huanza kueleza zaidi ya walivyoulizwa.

Mwisho, kabla ya kifuniko kurudishwa, tarehe na hesabu ya kilomita huandikwa kwa rangi upande wa ndani wa kifuniko, na mara nyingine kwa nje, kwa herufi kubwa, ili atakayelinunua gari hilo baadaye naye asome.